Mahali pa Kichwa Chako

Vumbi la chokaa halina haraka, Baba Sabiha. Linapanda kutoka kwenye mwiko wa fundi, linasimama mlangoni palipo na jua la saa tatu, linaning'inia pale kama halijaamua liende wapi, kisha linatua juu ya kila kitu: juu ya jamvi, juu ya mtungi, juu ya kope zangu. Nafagia, linarudi. Nafuta, linarudi. Nimeacha kugombana nalo.

Nyumba yako inaandaliwa, mume wangu. Nakwambia mimi mwenyewe, usije ukasikia kwa wapita njia wa mtaa wetu wa Dunda wanaokwenda kuwazuru watu wao huko makaburini uliko.

Usishtuke. Hatuuzi leo. Ndivyo anavyosema mwanao Sabiha kila akija kutoka Kerege na kikapu chake cha mboga: hatuuzi leo, mama, tunaandaa tu. Amenijengea chumba kwake, choo humohumo ndani, bomba linatoa maji. Na magoti yangu unayajua; ngazi tatu za baraza siku hizi nazishuka kwa makalio kama mtoto. Mwakani, baada ya Idi ya kuchinja, mnunuzi atakuja, na aikute nyumba safi. Nimekubali. Hakuna aliyenilazimisha, nimekubali kwa mdomo wangu huuhuu uliokuwa ukikugombeza.

Basi tunaandaa, kidogo kidogo. Mwezi mmoja bati la uani, lile lililokuwa likivuja tangu harusi ya Sabiha. Mwezi mwingine bawaba za mlango, zimetiwa mafuta, zimeacha kulia. Na kilio kile ndicho kilichokuwa kinaniambia umerudi. Mwezi mwingine stoo. Makubadhi yako ya msikitini nimempa Msabaha muadhini, yanamtosha kabisa, na siku ya kwanza alipopita nayo hapa mbele niliingia ndani nikafunga dirisha.

Kila mwezi kitu kimoja. Kila mwezi nyumba inazidi kupendeza, na kila mwezi inazidi kuwa ya watu wengine.

Kilichokuwa kimebaki ni kichwa chako. Pale barazani, kulia kwa mlango, palipokuwa na doa. Miaka thelathini na moja umekaa pale kila baada ya alasiri, kichwa umekiegemeza ukutani, mafuta yako ya nazi yakanywewa na chokaa mpaka ukuta ukawa na rangi ya ufuta uliokaangwa. Nilikusema mpaka nikachoka. Kila Shaaban uliloweka chokaa kwenye pipa, ukatia chumvi yako ya kukisia ili ishike, ukaipaka nyumba yote ili Ramadhani iikute nyeupe; na kabla mwezi haujaandama umekwisha kukaa, umekwisha kuegemea. Nikasema, Baba Sabiha, ngoja basi hata ikauke. Ukasema, "Ukuta huu unanijua, Kuruthumu." Ukacheka kile kicheko chako cha puani. Nakitamani kicheko kile mpaka kifua kinauma.

Ulipoondoka nikakaa eda. Miezi minne na siku kumi sikutia mguu barazani. Lakini doa nililijua liko wapi. Nilivuta jamvi huku ndani, nikakaa upande wa pili wa ukuta uleule, nikaweka kisogo changu pale ambapo kwa nje kilikuwa kikikaa chako. Jiwe lilikuwa la baridi. Sikumwambia mtu. Na tangu hapo Shaaban nne zimepita, kila mara nimepaka nyumba nzima, doa nimeliruka.

Sasa kaja dalali, kalipitishia kidole. "Hapa mama, mnunuzi ataona unyevu." Unyevu, ati. Mume wangu kaitwa unyevu.

Ndipo nikafanya ujinga. Kwa hasira nikamwambia fundi Mwinyijuma alifunike doa kwa saruji, nisilione tena, yaishe. Akasita, mwiko mkononi. "Bi mkubwa, nyumba hii ya mawe na chokaa. Haitaki saruji, ukuta wake unapumua." Nikamwambia apige, mimi ndiye mwenye nyumba. Akapiga. Kikabaki kiraka cha kijivu, kikubwa kama sinia, na sikuweza kukitazama. Wiki saba nilitokea mlango wa uani kwenye nyumba yangu mwenyewe.

Masika yakaja. Ikanyesha siku tatu, na asubuhi ya nne nikasikia kitu kimeanguka barazani, pu. Nikatoka. Kiraka chote kilikuwa chini, kipande kimoja, na ukutani ulikuwepo wewe, rangi ileile. Nililia kwa furaha, mtu mzima mimi, mbele ya muuza maandazi.

Sabiha alipokuja akalikuta. Akaweka kiganja pale. "Mama, tuliache tu. Na ukitaka, tusiuze."

Alisema kwa dhati. Ningeitikia kwa kichwa tu, yangekwisha. Siku ile nilitaka kubaki kuliko nilivyotaka kitu chochote tangu tukuzike. Lakini alipoinuka kuniteremsha ngazi, kanishika kwapani, nikamsikia anavyoguna. Mgongo wake nao unamsumbua, na kwake ana watoto wanaomngoja. Nikamwambia, "Tunaandaa, mwanangu. Ila hapa nitapaka mimi."

Basi Mwinyijuma akaja na mwiko, akalikwangua taratibu, akaziba kwa chokaa kama inavyotakiwa. Na vumbi lile la mlangoni nililokwambia mwanzo, Baba Sabiha, ndilo hilo, ni doa lako. Sikulifagia siku ile. Tulipaacha pakakauka siku nyingi, nami nikaloweka pipa, nikatia chumvi kwa kukisia, kama wewe, na asubuhi ya leo nimepaka.

Alasiri imepita. Nimetokea mlango wa mbele. Ukuta ni mweupe wote, mwanzo hadi mwisho. Nimekutafuta kwa kidole. Hupo.

Nimerudi ndani nikatwaa chupa ya mafuta ya nazi, nikajipaka kichwani, mengi, yananichuruzika shingoni. Nimekaa mahali pako. Nimeegemea. Chokaa haijakauka vizuri, najua, na Sabiha akifika atanisema mpaka achoke, na mimi nitamwambia ukuta huu unanijua. Kabla ya mnunuzi bado kuna Shaaban moja, nitapaka tena.

Hatuuzi leo. Leo nimekaa tu. Nikiinuka hapa, mgongo wa kanga yangu utakuwa mweupe kwa chokaa, na siku ya kwenda Kerege nitajifunga hii hii, bila kuikung'uta.