Kulabu ya Pili

...kunenepesha tena, milimita mbili nyengine, ndiyo dawa yao ya kila kitu, ufa ukitokea nenepesha, na Suhaib, mkuu wetu wa usanifu, yuko huko kiwandani ng'ambo, kwenye skrini yangu anasema kama anayesoma khutba, "Rumana, kwa unene huu mpya kipande hakitapasuka," hakitapasuka vipi, upande wa mbele unatazama moto wa nyuzi elfu moja, wa nyuma unapulizwa hewa ya kupoza, huu unataka kutanuka na ule hautaki, ukizidi unene ndo pande zinazidi kuvutana, nshamwambia mara tatu, nshamchorea, na kesho asubuhi injini inawashwa majaribioni, vipande vyangu thalathini na viwili vimepangwa duara kuzunguka mapanga ya turbini, kimoja kikimeguka kikaingia kwenye mapanga yale... "Rumana!" huyo Mama jikoni, "Naam, Mama," "Gesi imekwisha, na mgeni wetu Bi Nassra yuko njiani!" nipo kikaoni, Mama, tangu saa nne nipo kikaoni, lakini kwake kikao ni watu kukaa pamoja, siyo binti kujifungia chumbani hapa mtaani Kiponda akagombana na kompyuta... "Unatusikia, Rumana?" nawasikia, natazama hii picha ya joto, ule wekundu pale pembeni, pembe ileile kila mara, kipande kikiwa chembamba ufa pale, kikiwa kinene ufa pale, mbona pale tu, pale penye kulabu... kulabu ya pili, ya kwanza inakishikilia kipande kwenye ganda la injini, na hii ya pili ni yangu, niliiongeza Ramadhani, nlihofu mtikisiko, Suhaib akaniuliza, "Una hakika?" nami na njaa zangu, "Nnajua ninachofanya," na hakuuliza tena, ya Rabbi, nimekibana huku na huku, kikipata moto kitanuke kiende wapi, miezi miwili nawaona wao hawafahamu kitu, na unene ule wameushika kwa sababu kwenye kulabu mimi niliwafunga mdomo, ingekuwa upande mmoja tu umeshikwa, mwengine uteleze kidogo, kidogo tu... "Rumana, mwanangu, hiyo gesi!" "Rumana, tuandike umekubali iwashwe?" wote wawili wananingoja, nafungua kipaza sauti, "Suhaib," nasema, "kesho msiwashe, huo ufa nimeuchora mwenyewe."