Mkono Usiofika Sikioni

Usiku wa jana niliota nimepanga foleni ya kuandikishwa darasa la kwanza, na mvi zangu kichwani. Mama, kijana kuliko mimi, alinishika mkono nisipotee.

Mwalimu mkuu alikuwa kipande cha chaki kilichovaa tai. "Pitisha mkono juu ya kichwa, shika sikio la pili," akaniamuru. Kwetu umri ulipimwa hivyo. Mkono usipofika, mtoto bado.

Haukufika.

"Bado," likasema sikio langu. "Niacheni nikacheze."

"Mwalimu, huyu anasoma!" Mama akadakia. "Anasoma hata gazeti la kufungia vitumbua!"

Nikapewa gazeti, linavuja mafuta. Nikasoma mpaka tangazo la msiba. Mama akapiga vigelegele.

"Basi aruke darasa," akasema Chaki.

Naruka. Napita juu ya bati la darasa la kwanza, kisha la pili. Chini uwanjani wenzangu wanacheza rede, wanarushiana mpira, katikati mmoja na chupa ya mchanga. Mwanahawa, rafiki yangu wa nyumba ya pili, ananipungia mpira. "Shuka, shoga! Zamu yako kukaa kati!"

Naomba kushuka. "Aliyerushwa hachagui pa kutua," linanijibu bati.

Natua darasa la tatu. Miguu inaning'inia. Wanafunzi wenzangu wana ndevu, na hawanisemeshi ila wakitaka majibu. Mapumziko nawafuata. "Toka, mtoto, utaumia." Nakimbilia kwenye rede. "Nenda kwa wakubwa wenzio." Nataka kulia, lakini dawati linanikataza.

"Wanaojua kusoma hawalii," linasema. "Ila kutangulia si kufika, mwanangu."

Hapo mkono wangu ukaanza kurefuka wenyewe. Ukavuka kichwa, ukalikamata sikio.

"Umri umetimia!" akatangaza Chaki. "Ruksa kucheza."

Nikatoka mbio. Uwanja mtupu. Katikati imebaki chupa, mchanga umefika nusu. Mwanahawa akapita, kabeba mjukuu mgongoni.

"Tulikungoja sana, shoga," akasema. "Mwishowe tukaitwa kula."

Niliamka sikio linaniuma. Kwenye kioo nikaona limeachwa alama za vidole, nyeupe, za chaki. Nikazifuta kwa kanga, kwa hasira.

Mjukuu wangu Rukia, hata shule hajaanza, alikuwa mlangoni na gazeti la vitumbua, anafuatisha herufi kwa kidole. "M-si-ba," akasoma, akanitazama nimsifu.

Nikamnyang'anya. "Nenda ukacheze rede na wenzio!"

"Rede inachezwaje, bibi?"

Nilifungua mdomo nimweleze. Sikujua.