Cherehani Haitoki

Ukutani mwangu, juu ya meza ya kazi, nimeandika kwa rangi nyekundu: KIFAA HAKITOKI BILA MALIPO. DAWA YA DENI NI KULIPA. Msinione mkorofi. Natengeneza cherehani, feni na pasi, na kabla ya maandishi hayo nilikuwa nikilipwa ahadi. Shemeji yangu mwenyewe alibeba feni yake akisema "kesho asubuhi", na mpaka leo inampepea bure. Kukopa harusi, kulipa matanga.

Basi Jumatatu akaja mshonaji wa mtaa wa pili, tunamwita Mama Pindo, kuchukua cherehani yake ya umeme. Nilikuwa nimeibadilisha mota. Akaijaribu, ikanguruma vizuri, akatabasamu. Kisha akaniambia hana kitu.

"Malipo ya awali yote nimenunulia vitambaa," alisema. "Sare thelathini za shule, Ijumaa jioni. Zikichelewa wanampa mwingine kazi, na mimi narudisha hela ambazo sina. Nipe nikashone, fundi. Ijumaa hiyohiyo nakulipa."

Nilimwamini, na hilo ndilo lililoniudhi. Maana shemeji naye nilimwamini. Nikamwonyesha ukuta.

Akausoma taratibu, akausoma tena. "Sawa. Haitoki."

Akaenda zake, nami nikajisikia vibaya kwa kama nusu saa hivi. Akarudi na mzigo wa vitambaa kichwani, futi ya kupimia shingoni na kiti chake mwenyewe mkononi. Akasogeza pasi zangu pembeni, akachomeka waya.

"We mama, unafanya nini?"

"Nashona. Umeandika haitoki. Hujaandika haishoni."

Nikageuka kuusoma ukuta wangu mwenyewe. Kweli, sikuandika.

Wiki ile duka halikuwa langu tena. Vipande vya kitambaa vilijaa kwenye sanduku la spana, na siku moja nilikuta uzi wa buluu ndani ya chai. Wateja walioleta feni walikaa kupiga naye soga mpaka wakasahau kunidai feni zao. Alinicheka nilivyozibembeleza mota zilizogoma. Mimi nilimcheka alivyohesabu vifungo kwa sauti, na akikosea anaanza upya.

Jumatano mchana umeme ukakatika. Sare kumi na nne bado. Mama Pindo alikunja mikono akaitazama taa, na uso wake ulinitia huruma. Nikavuta kigoda, nikawa nazungusha gurudumu la cherehani kwa mkono, yeye akiongoza kitambaa. Tulishona hivyo mpaka jioni. Mkono ulikufa ganzi, lakini kinywani sikuacha kulalamika, asije akadhani nimelainika.

Nilitumia nafasi hiyo kumpa koti langu apunguze mikono. Lilikuwa la kaka yangu, mtu mrefu, na binti yangu alikuwa anaolewa Jumamosi.

Ijumaa alasiri sare ya thelathini ikakunjwa. Akazipeleka, akarudi, akanilipa mpaka senti ya mwisho. Akabeba cherehani, akabeba kiti, na koti langu akalimalizie kwake. Nilifagia duka. Likawa kimya, na kimya kile sikukipenda hata kidogo.

Jumamosi asubuhi nikaenda kwake kuchukua koti. Lilikuwa limetundikwa, limepigwa pasi, mikono sawasawa. Nikanyoosha mkono. Naye akanyoosha wake, kiganja juu, huku kidevu chake kikielekea ukutani. Palibandikwa kipande cha boksi: NGUO HAITOKI BILA MALIPO.

"Mama Pindo! Mimi na wewe tena? Hela nimeacha nyumbani, na binti anafunga ndoa saa sita!"

"Mlete aolewe hapahapa. Kulivaa humu ndani nakuruhusu. Halitoki tu."

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Nilikwenda nyumbani mbio, nikarudi mbio, jasho likinitiririka. Akazihesabu hela bila haraka, kisha akanivisha koti mwenyewe na kuninyoosha kola.

"Umependeza, fundi."

Nilifurahi kuliko bwana harusi. Nilipofika mlangoni nikageuka.

"Ile cherehani yako, nadhani mkanda wake umeanza kulegea."

"Haina tatizo lolote."

"Najua," nikasema. "Ilete Jumatatu. Na kiti."