Menyu Isiyongoja

Wenzake katika kikundi walimwita Mama Menyu. Halikuwa jina la heshima wala la dharau. Lilikuwa la kazi. Kikundi chenyewe kilikuwa cha watu waliotawanyika huku na huko, wengi wao hawajawahi kuonana uso kwa uso, wakitengeneza kwa kujitolea dawati la kompyuta: yaani ile sura unayoiona mashine ikishawaka, yenye madirisha, vitufe na menyu za kuchagulia. Ilikuwa programu huria, mtu yeyote aliweza kuichukua bure, kuusoma msimbo wake, yale maagizo yanayoiendesha, na kuurekebisha. Watu waliipendea sura yake ya kizamani. Kila kitu kilikuwa cha kijivu, chenye kona kali, kama kompyuta za ofisini za enzi zile ambazo kuihamisha moja mpaka uombe msaada. Na kila menyu iliyofunguka na kufungwa humo ilikuwa imepita mikononi mwa mama huyu, ambaye riziki yake aliipata kwa kupanga kurasa katika kiwanda kidogo cha uchapaji.

Kiongozi wao waliyemwita Kijivu, kwa jinsi alivyoipenda rangi hiyo, alikuwa kijana. Mashine hizo kuukuu alizijua kwa picha tu, maana alizaliwa zikiwa zimeshatupwa, lakini alizijua kama mtu anavyojua nyumba ya babu yake. Hodari alikuwa hodari, hilo halina ubishi. Ila alikuwa na neno moja la kufungia kila mjadala: zamani haikuwa hivyo. Akishalisema, watu hukunja jamvi.

Mambo yaliharibika Jumamosi moja asubuhi, sebuleni kwa Mama Menyu mwenyewe. Mama mkwe wake, karani mstaafu aliyekuwa mpiga chapa wa mahakama, aliishi nao tangu mikono ilipoanza kumtetemeka. Mikono ilitetemeka, akili haikutikisika. Alikuwa akilitungia gazeti la kila wiki mafumbo ya maneno, yale ya visanduku vya kwenda kulia na kushuka chini, na kila fumbo alimtumia mhariri yeye mwenyewe. Mwanawe alipojitolea kumtumia, alimuuliza: nani kanitungia, hata anitumie?

Asubuhi hiyo alifungua menyu ya faili, akaweka mshale wa kipanya juu ya “Tuma kwa”, na menyu ndogo ikachomoza ubavuni. Alichotaka ni “Barua pepe”, iliyokuwa kulia, chini kidogo. Huko kila mtu huenda kwa mshazari, kama mtu anayekatisha uwanja badala ya kuuzunguka. Njiani mkono ukashuka. Mshale ukakanyaga “Ondoa”, neno la chini yake, na papo hapo menyu ya kutuma ikatoweka, ya kuondoa ikachomoza palepale. Kidole kilikuwa kimeshaamua, kikabonyeza. Pale palipokuwa na “Barua pepe” sasa palikuwa na “Futa kabisa”. Fumbo la wiki nzima likapotea.

Mama mkwe hakupiga kelele. Alivua miwani, akaiweka mezani, akamwita mkwe wake.

“Mwanangu, haya ndiyo unayoyatengeneza wewe?”

Mkwe akakubali.

“Basi kaa hapa uone yanavyonifanya.”

Akakaa. Mama mkwe akajaribu tena na tena kwa faili tupu, na mara nyingi menyu ilimkimbia kama kuku anayejua anatakiwa jikoni. Mkwe akaanza kumwelekeza kwamba inabidi aupeleke mshale kulia kwanza, moja kwa moja, ndipo ashuke. Mama mkwe akamgeukia taratibu. Alisema yeye si askari wa gwaride. Mikono yake inatetemeka, ndiyo, na daktari ana habari; lakini hapa kinachotetemeka ni menyu.

Mama Menyu aliona aibu, kisha hasira ikaja juu ya aibu, na hasira hiyo hakuwa na wa kumtolea ila yeye mwenyewe. Alikuwa ameipamba menyu hiyo kwa miaka, akabishana juu ya unene wa kivuli chake, na hakuwahi kukaa karibu na mtu anayeitumia.

Akaingia kazini. Jaribio la kwanza lilikuwa kuifanya kila menyu ingoje kidogo kabla ya kubadilika. Mama mkwe aliijaribu, akasema sasa imekuwa ya kubembelezwa, kila ukiigusa inafikiri kwanza. Ni kweli. Akairudia. Safari hii menyu iliangalia mshale unaelekea wapi: ukiwa njiani kwenda kwenye menyu ndogo, ilikaa wazi hata kama umekanyaga neno jingine; ukiwa unashuka tu, ilibadilika mara moja. Na ukiibonyeza, ilibaki wazi mpaka wewe mwenyewe uifunge. “Futa kabisa” aliihamisha, akaitenga na wenzake, na akaifanya iulize kwanza.

Siku moja katika kujaribu, alimuuliza mama mkwe kama kweli menyu za kompyuta kuukuu alizotumia mahakamani zilikuwa za haraka kama Kijivu anavyosema.

“Sikumbuki,” alisema mama mkwe. “Nilizichukia zile mashine.”

Kazi ilipokamilika, mshale ukafika kwenye “Barua pepe” hata mkono ukiyumba, na mama mkwe akatuma fumbo jipya bila kusema lolote, ambayo kwake ilikuwa sifa kubwa. Mama Menyu akaipeleka kazi kikundini.

Kijivu aliikataa. Wakakutana kwa sauti mtandaoni Jumapili alasiri, wanachama karibu wote. Mama Menyu alikaa kwenye meza ya chakula, spika ikiwa wazi, na mama mkwe upande wa pili akichora visanduku vyake kwa rula. Kijivu alieleza kwa adabu kwamba menyu ya zamani ilikuwa kali, ilikujibu kabla hujamaliza kuuliza, na ukali huo ndio roho ya dawati lao. Mmoja wa wanachama akasema kazi ni nzuri, akaishia hapo. Ndipo Kijivu akatoa alichokiita suluhu: kazi iingizwe, lakini izimwe, na anayeitaka akaiwashe mwenyewe kwenye mipangilio. Mama Menyu alipouliza kwa nini izimwe, adabu ikamwishia.

“Tuelewane,” alisema Kijivu. “Hili ni dawati, si hospitali.”

Rula ya mama mkwe ikasimama. Akakusanya karatasi zake, akachukua kikombe chake kwa mikono miwili, akaenda chumbani na kufunga mlango polepole. Mama Menyu aliuangalia mlango ule. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya chini, na mumewe aliyekuwa akipita na ndoo ya maji alisimama kusikiliza, maana sauti hiyo aliijua.

“Hiyo swichi ya kuiwasha itakuwa wapi?”

Kijivu akamtajia. Unafungua Mipangilio, unaingia Vifaa, halafu Kipanya, halafu Ziada.

“Na huko mtu anafikaje?”

“Kwa menyu.”

“Kwa menyu hizihizi zinazomkimbia. Mtu amefungiwa nje, wewe unamwambia ufunguo uko ndani, juu ya kabati.”

Mwanachama mmoja aliyeitwa Msumari, mtu wa Kijivu siku zote, alicheka, kisha akazima kipaza sauti chake. Kijivu akasema mjadala umefungwa.

Jioni ile Mama Menyu hakula. Aliwatangazia wa nyumbani kwamba anajitoa kikundini. Msimbo ni wa wote, atauchukua na kuanzisha dawati lake, na wenye akili watamfuata. Mumewe akamuunga mkono, akasema waachiwe ukijivu wao. Mama mkwe, aliyekuwa ameyasikia yote kupitia mlango, alikuwa akipuliza chai yake.

“Ukisusa, wenzio wala,” alisema. “Ukiondoka, nani atabaki wa kumuuliza huyo kijana swichi iko wapi?”

Halafu akatoa sharti. Asitajwe. Hakutaka kugeuzwa mgonjwa wa mtandao mzima, awe anaonewa huruma na watu asiowajua.

Sheria za kikundi ziliruhusu jambo lililofungwa na kiongozi lifunguliwe kwa kura, wanachama wakiomba. Mama Menyu hakuomba kura mara moja. Aliwaandikia wote kwa maneno machache, akawaomba kila mmoja achague siku yake ya kazi na kushika kipanya kwa mkono asiouzoea, kutwa nzima, kisha aseme alichokiona. Hakumtaja mtu, wala ugonjwa. Kijivu alijibu kwamba huo ni mchezo wa watoto, naye hashiriki.

Wengine walishiriki. Mwalimu mmoja aliandika kwamba alifunga somo lililokuwa kwenye skrini mbele ya darasa zima akidhani anakuza maandishi. Mwingine alisema sasa ameelewa kwa nini baba yake aliirudisha kompyuta aliyomnunulia. Aliyewashangaza wote ni Msumari. Alikiri kwamba kabla ya saa sita mchana alikuwa ameitukana mashine mpaka mkewe akaja kuuliza anagombana na nani, na kwamba yeye ni mzima kabisa na mikono yake yote. Yeye ndiye aliyeomba kura.

Menyu inayongoja ikapita, ikawashwa kwa wote. Waliotaka ukali wa zamani wakawekewa swichi, hukohuko Ziada.

Toleo jipya lilipotoka, Kijivu aliandika tangazo. Alisema menyu zimerudishiwa “utulivu wa asili wa mashine za zamani”. Hakutaja nani alifanya, wala kwa ajili ya nani. Mama mkwe alilisoma, akasukuma kiti nyuma.

“Huyu kijana ameifanya yake,” alisema. “Na anasingizia mashine nilizozichukia mimi.”

Mama Menyu akamwandikia Kijivu mbele ya wanachama wote. Sifa hakutaka. Alitaka iandikwe kwamba menyu imebadilishwa kwa sababu watu wenye mikono inayotetemeka wanalitumia dawati hili, na wana haki nalo kama mwingine yeyote. Kijivu alibadilisha tangazo. Aliandika “kwa ajili ya baadhi ya watumiaji”. Hakuomba radhi, si siku hiyo wala baadaye, na Mama Menyu alishindwa kuamua kama aendelee na vita au apumue.

Mwezi uliofuata Kijivu alimtumia ujumbe. Watu wanalalamika kwamba vibao vya kusogezea kurasa ni vyembamba mno, havishikiki. Je, angeweza kuvitazama? Mama Menyu aliusoma amesimama, akaenda kuanika nguo zote, akarudi. Akajibu kwamba ataanza wiki ijayo, na kwamba safari hii wataanza kwa watu, wala hataki kusikia habari za picha za mashine kuukuu.