Kurasa Arobaini Bila Wino

Fundi alikuwa na sketi mbili za kutokea: moja ya mjini na nyingine ya ngazi. Ile ya ngazi aliishona mwenyewe kwa jinzi nzito, nyuma akaitia viraka viwili vya ngozi, maana ndiyo aliyoteremkia. Aliishi ghorofa ya pili katika jengo la halmashauri lisilo na lifti, miguu yake haikuwa na nguvu tangu utotoni, na ngazi zilikuwa thelathini na nane. Alishuka kwa makalio, ngazi moja baada ya nyingine, shemeji yake akitangulia na kiti cha magurudumu mgongoni. Akifika chini hujifunga sketi ya mjini juu ya ile ya ngazi, hupanda kitini, na kuwa mtu wa heshima tena.

Huyo shemeji alikuwa kipofu. Alipokea simu hospitalini kwa miaka ishirini na sita mpaka akastaafu, na jina la kazini likamganda: watu wote walimwita Halo. Alikuwa kaka mkubwa wa mume wa Fundi. Mume mwenyewe aliendesha malori ya masafa marefu, na alirudi nyumbani kwa nadra kiasi kwamba hata paka alimbwekea, kama paka wangekuwa wanabweka. Kwa hiyo waliobaki nyumbani walikuwa hao wawili.

"Wewe macho, mimi miguu," Halo alikuwa akisema. "Mdomo tunao wote, na hapo ndipo tabu inapoanzia."

Kwa miaka saba Fundi alikuwa akiomba nyumba ya chini. Kila mwaka alipeleka barua Idara ya Nyumba, na kila mwaka alijibiwa kwa fomu ileile iliyopigwa chapa: *Ombi lako la* nukta nukta nukta *linashughulikiwa.* Kwenye zile nukta karani wa masjala alijaza kwa kalamu: *kuhamia chini.* Mwaka wa tano alichoka, akajaza *kuhama* tu. Fundi alipigwa kalenda mpaka akazoea, kama mtu anavyozoea jino bovu.

Siku moja akiwa barabarani aliona kibao kipya: MSAADA WA SHERIA BURE KWA WANYONGE. Chini ya maneno hayo kulikuwa na mshale, nao ulielekea juu. Ofisi ilikuwa ghorofa ya tatu, na lifti hakuna.

Fundi aliutazama ule mshale kwa muda. "Shemeji," alisema, "hawa wanasaidia wanyonge wenye mabawa."

Halo akapanda peke yake, fimbo mkononi. Baada ya robo saa akarudi na wakili, mwanamke mfupi mwenye miwani, akihema. Wakili alimkuta Fundi chini ya ngazi, akatazama kiti, akatazama ngazi, akatazama kibao chake mwenyewe. Hakutafuta la kujitetea.

"Ofisi tulipewa, hatukuchagua," alisema. "Lakini kibao nilikitundika mimi. Kuanzia wiki ijayo, kila Jumanne nitakaa hapa chini."

Akakaa kweli, na kiti cha plastiki na faili magotini. Jumanne ya kwanza alikuwepo Fundi peke yake. Jumanne ya tatu walikuwa tisa, wote wapangaji wa halmashauri, wote walioomba kuhamishiwa chini na wote wakiwa na fomu zao za nukta nukta nukta. Wakili alizisoma zote, akafungua kitabu cha kanuni za Idara, akasoma kwa kidole.

"Hapa pana kitu," alisema. "Ombi lililopokelewa kwa muhuri, lisipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku thelathini, litahesabiwa limekubaliwa."

"Ndiyo maana wanajibu siku ya ishirini na tisa," alisema Fundi.

"Ndiyo maana. Na jibu lazima litaje kilichoombwa. Wakishajaza ile nafasi, wamejibu. Hawajavunja kanuni, wameikalia tu."

Halo alikuwa ameegemea ukuta, ameinamisha kichwa kama anasikiliza simu ya mbali. "Mheshimiwa wakili," aliuliza, "kanuni inasema ombi liandikwe kwa kalamu gani?"

"Haisemi kalamu. Inasema kwa maandishi yanayosomeka."

"Yangu yanasomeka. Nayasoma kila siku."

Wakili alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa chafu. Halafu akaanza kucheka polepole, kwa mabega, kama mtu anayecheka msibani.

Halo aliandika kwa wiki mbili. Maandishi ya nukta nundu huandikwa kwa kutoboa karatasi ngumu, nukta kwa nukta, na vidole ndivyo vinavyosoma. Mezani Fundi alishona nguo za wateja, upande wa pili Halo alitoboa, na chumba kizima kikasikika kama kuku wanaodonoa bati. Kila mmoja wa wale tisa alikuja, au alipiga simu, akasimulia habari yake, na Halo hakuacha kitu. Alipomaliza, kurasa zilikuwa arobaini kamili.

"Ungefupisha, Shemeji," alisema Fundi.

"Miaka saba yako ukiifupisha inakuwa nini?"

Walizipeleka Idara ya Nyumba asubuhi moja yenye foleni ndefu. Karani wa masjala, kijana mwembamba aliyefunga tai kama anayejinyonga kidogokidogo, alizipokea bila kuinua macho. Alipozishika ndipo alipoziangalia, akazigeuza huku na huku.

"Baba, hizi zimeliwa na mende?"

"Ni ombi, mwanangu. Niwekee muhuri na tarehe."

Nyuma yao mtu alikohoa, mwingine akauliza kama foleni inasonga au imekufa. Karani akapiga muhuri ukurasa wa kwanza, akapiga na nakala yao, akazitupa kwenye trei. Kazi ilikwisha hapo.

Wiki tatu hazikuleta neno. Siku ya ishirini na nne Halo alipelekewa fomu, na Fundi akamsomea: "Ombi lako la taa ya ngazini linashughulikiwa."

Halo aliinua uso kuelekea darini. "Kwa hiyo huko ofisini walikaa, wakafikiri, kipofu anaweza kutaka nini. Wakaona ni taa."

Wakili alipoipata alisema si jibu, maana hakuna mtu aliyeomba taa. Akawaandikia Idara barua ya mistari mitatu kuwakumbusha kanuni, tarehe ya muhuri, na siku zilizobaki. Mistari hiyo mitatu ilipanda mpaka juu kwa Mkuu wa Nyumba, naye akatoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Akaitisha zile kurasa. Akazigusa, akazipeleka dirishani zimulikwe na jua. Akampigia simu mwalimu wa shule ya wasioona. Mwalimu akajibu kwa adabu kwamba yuko kwenye mitihani mpaka mwezi ujao. Hakusema kwamba Halo ndiye aliyemfundisha kupokea simu, na kwamba jana yake walikuwa wamezungumza saa nzima.

Asubuhi ya siku ya thelathini, Halo akaitwa aje asome barua yake mwenyewe.

Alikwenda na Fundi na wakili. Karani akamwambia apande kwa Mkuu, ghorofa ya kwanza.

"Napanda bila taabu," alisema Halo, "ila barua ni ya watu tisa, na mmoja wao huyu hapa. Haisomwi akiwa hayupo."

Mkuu akashuka. Alikuwa mtu mnene, mpole kwa sauti, aliyezoea kuwapaka watu mafuta kwa mgongo wa chupa. Akampa Halo mkono, akamsifia shati, akamwomba asome upesi. Wakaketi kwenye kaunta ya masjala, mbele ya foleni yote. Ilikuwa saa nne na dakika chache. Dirisha lilikuwa likifungwa saa tisa na nusu.

Halo akaweka vidole kwenye karatasi. Alikuwa na sauti ya simu, tulivu, kila neno likisimama peke yake. Akamsalimu Mkuu wa Nyumba. Akamsalimu naibu wake. Akawasalimu mhasibu, mlinzi, wafagizi wawili na karani wa masjala, kisha akaongeza lisilokuwemo karatasini: "Kwa jinsi alivyopiga muhuri, najua ana mkono mzuri." Watu wakacheka. Karani akajitahidi asicheke, ikamshinda.

Ukurasa wa tano alianza ngazi za kila jengo: ngapi, za urefu gani, ipi imevunjika ukingo, ipi ina maji mvua ikinyesha. Foleni haikusogea, na ajabu ni kwamba hakuna aliyelalamika. Mama mmoja alisahau fomu yake mkononi.

Kuanzia ukurasa wa kumi na mbili kicheko kilipungua. Hapo kulikuwa na fundi wa saa wa ghorofa ya nne, aliyekatwa mguu, ambaye hushuka mara moja kwa mwezi na kuzika rafiki zake kwa simu. Kulikuwa na mama wa binti wa miaka kumi na sita asiyetembea, aliyembeba mgongoni tangu mdogo, na sasa binti amempita urefu. Mwezi wa tatu waliporomoka wote wawili, na binti ndiye aliyemwomba mama msamaha. Halo alisoma hilo kwa sauti ileile ya salamu. Mlinzi wa mlangoni alivua kofia, kisha akaiona mkononi mwake, akaivaa tena.

Fundi alitazama mikono yake. Habari hizo alizijua, alikuwepo zilipotobolewa. Kumbe kuzisikia mbele ya watu ni kitu kingine.

Saa nane Mkuu aliangalia saa. "Mzee wangu, fupisha tafadhali."

"Mheshimiwa, nikifupisha haitakuwa barua, utakuwa uvumi."

"Basi niambie tu mnaomba nini."

"Niko ukurasa wa ishirini na sita. Ombi liko mbele. Nikilitaja kabla ya kulifikia naweza nikaipotosha ofisi."

Kwenye foleni mtu alisema kwa sauti ya chini, lakini si ya chini sana, "Msikilize mzee, bosi. Sisi mbona tunasubiri."

Saa tisa na robo Mkuu uvumilivu ukamwishia. Akavuta fomu, akatoa kalamu mfukoni, akaandika mwenyewe kwenye ile nafasi: *nyumba za chini kwa watu tisa.* Akatia saini, akampa Halo kwa tabasamu la mtu aliyetoroka mtegoni. "Nimekujibu, mzee. Liko wazi. Mwenye macho haambiwi tazama."

Neno lilikwishamtoka. Halo akaipokea ile fomu, akaipapasa mbele, akaipapasa nyuma, akaipapasa pembe zote nne.

"Samahani, Mheshimiwa," alisema, "mbona hujaandika kitu?"

Ukumbi ukaangua kicheko kilichomfikia mhasibu juu. Wakili alifungua kitabu chake kwenye ukurasa alioukunja tangu asubuhi, akasoma: jibu litatolewa kwa maandishi ambayo aliyeandika ombi anaweza kuyasoma. Mkuu akasema atamsomea. Wakili akasema kanuni inataka maandishi, si masimulizi. Mkuu akamgeukia karani, akamwagiza atafute mtu yeyote, popote, anayejua kutoboa.

Karani alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tisa na nusu. Akasimama, akalegeza tai, akavuta dirisha la masjala likafungika. "Muda wa kazi umekwisha, bosi," alisema. "Barua yoyote ni ya Jumatatu." Hakuna aliyejua kama ni mazoea au ni kusudi, na yeye mwenyewe hajawahi kusema.

Usidhani mambo yalinyooka siku hiyohiyo. Mkuu alitishia kwenda mahakamani. Wakili akamjibu kwamba atafurahi sana, na kwamba Halo yuko tayari kusoma upya mbele ya hakimu, kuanzia salamu. Baada ya wiki tatu funguo zikaanza kutoka. Nyumba mbili za chini zilikutwa zimejaa viti vibovu vya ofisi. Katika nyingine alikaa binamu wa Mkuu, kijana aliyekuwa akikimbia kilomita sita kila alfajiri kwa ajili ya afya yake; akahamishiwa ghorofa ya nne, akaambiwa ngazi ni nzuri kwa moyo.

Wale tisa walipanga zamu wenyewe: mama na binti wa kwanza, fundi wa saa wa pili, Fundi wa tano. Sita wamepata. Watatu bado wanasubiri, na Idara imetoa tangazo kwamba maombi sasa yaandikwe kwa wino peke yake. Wakili alilisoma tangazo hilo Jumanne chini ya ngazi zake, akasugua mikono kama mtu aliyewekewa chakula, akamwomba Halo karatasi ngumu.

Fundi alihamia chini siku ya Jumatano. Alhamisi asubuhi wateja walikuta cherehani iko mezani, uzi umetungwa, mlango wazi, na mwenyewe hayupo. Alikuwa amezunguka jengo kwa kiti chake. Alirudi, akakaa kidogo, akatoka tena. Jirani mmoja akamuuliza anakwenda wapi.

"Siendi popote," alisema, akapita.

Kufikia adhuhuri alikuwa ametoka mara saba bila kazi yoyote. Nguo za watu zilichelewa wiki nzima.