Tanzia Aliyoiandika Arlys

Saa mbili na dakika tano asubuhi, Arlys Tollefsrud aligonga muhuri wa tarehe kwenye fomu yake mwenyewe, akainuka kitini, akazunguka kaunta na kwenda kusimama upande wa wanafunzi. Kanuni ilikuwa wazi: mfanyakazi wa Huduma za Wanafunzi hawezi kujipokelea fomu. Naye, kwa saa kumi na tano kila wiki, alikuwa mfanyakazi wa dirisha namba mbili la chuo hicho cha jamii. Saa zilizobaki alikuwa mwanafunzi kama wengine, ingawa mwenye miaka arobaini na saba.

Delphine Marek, msimamizi wa ofisi, alitoka chumbani kwake akakalia kiti ambacho Arlys alikuwa amekiacha sasa hivi.

"Karibu. Nikusaidie nini?"

"Delphine, unajua nimekuja kwa nini."

"Najua. Lakini sema kama wengine wanavyosema, mwenzangu, tusije tukaambiwa tunabebana."

"Ruhusa ya msiba," Arlys alisema. "Nilikosa mtihani wa vitendo Jumatano."

Ulikuwa mtihani wa tatu na wa mwisho wa kutoa damu. Ile miwili ya mwanzo alikuwa amefaulu: kuupata mshipa mara ya kwanza, bila kupapasa, bila kuacha alama. Aliyefaulu yote mitatu angeanza mafunzo hospitalini Jumatatu ijayo. Aliyekosa bila ruhusa angesubiri mwaka mzima, mpaka darasa lifunguliwe tena. Mwalimu wao, Bwana Hallberg, alikuwa tayari kumpa mtihani kesho asubuhi, mradi apate fomu yenye sahihi ya mkuu wa masuala ya wanafunzi. Na fomu ilitakiwa iwe imepokelewa ofisini leo, kabla ya saa kumi jioni.

Delphine alishusha miwani. "Uhusiano na marehemu?"

"Mama mkwe."

"Wa sasa?"

"Wa zamani. Curt na mimi tulitalikiana miaka tisa iliyopita. Si unajua?"

"Mimi najua. Karatasi haijui."

"Orodha inasema mama mkwe. Haisemi wa lini."

"Tuliuliza hilo mwaka juzi, hukuwa umeanza kazi. Talaka inakata." Delphine aligeuza ukurasa. "Lakini kuna kile kipengele cha mwisho. Tanzia umeleta?"

Arlys aliisukuma chini ya kioo. Ilikuwa imetolewa kwenye tovuti ya ofisi ya mazishi, ukurasa mmoja, na picha ya Borghild Tollefsrud akiwa amevaa sweta la buluu. Kipengele cha mwisho alikijua kwa moyo. Muhula huu peke yake alikuwa amewasomea watu kumi na mmoja. Asiyekuwa na undugu uliotajwa kwenye orodha atakubaliwa iwapo jina lake limo kwenye tanzia miongoni mwa wafiwa.

Delphine alisoma taratibu, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Kikafika chini. Kikarudi juu.

"Jina lako silioni."

"Halimo."

"Basi nani hawa walioandika wakakusahau? Miaka yote ile unamwogesha yule bibi?"

"Niliandika mimi."

Delphine alivua miwani. Nyuma ya Arlys mtu alikohoa, kikohozi cha mtu aliyesikia yasiyomhusu na hana pa kwenda.

"Uliandika wewe," Delphine alisema, "na hukujiweka."

"Sikujiweka."

Ilikuwa hivi. Borghild alikufa Jumatano saa kumi na moja alfajiri, kwake, kwenye kitanda cha kukunja kilichowekwa sebuleni karibu na dirisha. Arlys ndiye aliyekuwapo. Alishika kifundo cha mkono akahesabu mapigo kwa dakika nzima kama walivyofundishwa, si nusu dakika mara mbili. Alipofika dakika ambayo hakukuwa na cha kuhesabu, aliangalia saa, akaandika, kisha akawapigia simu Curt na dada yake, Jolene. Adhuhuri mtu wa ofisi ya mazishi alipouliza nani ataandika tanzia, Curt alisema, "Mpe Arlys, yeye si yuko chuo?"

Akaandika kwenye meza ya jikoni. Alizaliwa lini, wapi, alifundishwa wapi dini, alifanya kazi miaka mingapi kwenye jiko la shule. Akafika kwenye wafiwa. Mwana, Curt, na mkewe Tamsin. Binti, Jolene. Wajukuu wanne. Kalamu ikasimama. Hakuwa mkwe, hakuwa binti, hakuwa jirani. Na hata angekuwa na neno la kujiita, lingekuwa limeandikwa kwa mkono wake mwenyewe, na mji mzima ungejua ni mkono wa nani. Katika mji ule watu hawakujitanguliza. Aliyefika wa kwanza kanisani alikaa nyuma. Aliyesifiwa mapishi alisema yameungua kidogo. Arlys aliweka nukta baada ya wajukuu wanne, akaituma tanzia.

"Inaweza kubadilishwa?" Delphine aliuliza.

"Mpaka familia yenyewe iipigie simu ofisi ya mazishi."

"Basi familia ipige."

"Itabidi niwaombe."

"Ndiyo, bibie. Itabidi uwaombe." Delphine alimrudishia karatasi zote mbili. "Mimi nipo mpaka saa kumi."

Arlys aligeuka. Aliyekohoa alikuwa Pheng Moua, wa darasa la uchomeleaji, mwanamume wa miaka ishirini na sita, viatu vyake vikiacha theluji na chumvi ya barabarani kwenye zulia. Walitazamana. Kisha Arlys akazunguka kaunta, akasubiri Delphine aondoke, akaketi.

"Ndiyo, Pheng."

"Hata wewe, mama?" Pheng alisema. Hakuwa anacheka sana. "Nilidhani haya ni ya sisi tu."

Wiki tatu nyuma alikuwa amesimama hapo hapo, ametoka kwenye mazishi ya siku nne. Arlys alikuwa amemuuliza uhusiano na marehemu. Baba mdogo, alisema. Ndugu wa baba yako tumbo moja? Hapana, wa ukoo, lakini kwetu ni baba. Arlys alikuwa amegeuza orodha upande wake ili aisome mwenyewe. Tanzia je? Sisi hatuandiki gazetini, watu wanapigiana simu, walikuja mia sita. Alikuwa amemwambia pole, na alikuwa amemaanisha, na alikuwa amegonga muhuri mwekundu wa kukataa.

"Umekuja kwa lipi leo?"

"Kujiandikisha tena. Lile somo nililofeli kwa kukosa zile siku."

Alimpa fomu na kalamu. Pheng alijaza akiwa amesimama, polepole, vidole vyake vina makovu madogo ya cheche.

"Ungeandika tu," alisema bila kuinua kichwa. "Nani angekukatalia?"

"Hakuna."

"Sasa?"

"Ndiyo maana."

Pheng alimtazama kidogo, akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu asichotaka kununua. Arlys alikagua fomu, akagonga muhuri wa buluu, akamkatia nakala yake.

Saa sita alikwenda kwenye chumba cha chai. Mezani palikuwa na trei ya keki ya shayiri na chokoleti aliyoileta asubuhi, mabaki ya chakula cha mazishi cha Jumamosi kwenye chumba cha chini cha kanisa. Trei yenyewe ilikuwa ya Borghild. Asubuhi ilikuwa na vipande kumi na viwili. Sasa kilibaki kimoja, na hicho kilikuwa kimeshakatwa katikati, na nusu iliyobaki ilikuwa imekatwa katikati tena, kwa kisu kilicholazwa pembeni kwa adabu. Hakuna mtu wa mji ule aliyewahi kula kipande cha mwisho. Walikigawa mpaka kikawa si kipande.

Alimpigia Jolene.

"Arlys! Nilikuwa nakuwazia sasa hivi. Umekula?"

"Nimekula," alisema, ingawa hakuwa amekula. "Jolene, nina jambo. Kama una shughuli nitapiga baadaye."

"Sema bwana."

"Ni jambo dogo. Chuo wanataka jina langu liwe kwenye tanzia, la sivyo ule mtihani umekwenda. Kama mtaona sawa. Msipoona sawa, nitaelewa kabisa."

Kwenye simu ilisikika mashine ya kufulia ya Jolene ikizunguka.

"Wifi," Jolene alisema. Hakuwa amemwita hivyo kwa miaka tisa. "Wewe si ndiye uliyeiandika?"

"Ndiyo."

"Basi mbona ulijitoa?"

"Sikujitoa. Sikujua nijiweke wapi."

"Loo, wewe mwanamke! Unajua Curt aliisoma akanyanyuka mezani? Akaenda kukaa garini. Akasema, hata leo hataki kuwa wa kwetu. Tamsin ndiye aliyemfuata kumtuliza. Tamsin!"

Arlys alitazama dirishani. Mtu wa usafi alikuwa anasukuma theluji kwenye maegesho. Alijua kwamba alichoambiwa sasa hivi kilikuwa kizito, kama vile mtu anavyojua kwamba maji ni ya moto kwa kuona mvuke.

"Upo?"

"Nipo."

"Tulidhani umekataa. Kwa hiyo hatukusema kitu."

"Na mimi nilidhani mngesema."

"Tuseme nini, tukulazimishe?" Jolene alipenga kamasi. "Haya. Nawapigia ofisi ya mazishi sasa hivi. Niwaambie waandike vipi? Nisomee, maana wewe ndiye msomi. Mkwe? Binti? Rafiki mpenzi? Rafiki mpenzi inasikika kama mlikuwa mnaiba pamoja."

Kwa mara ya kwanza tangu Jumatano kitu kiligusa pembe ya mdomo wa Arlys, kisha kikapita. Alivuta leso ya karatasi, akaandika, akafuta, akaandika. Aliyemwogesha Jumanne na Ijumaa. Lilikuwa kweli, lakini halikuwa la gazetini. Aliyekuwa mkewe Curt. Hilo nalo lilikuwa kweli.

"Baada ya wajukuu wanne," alisema, "weka koma. Halafu: na Arlys."

"Na Arlys nani? Na Arlys wa nini?"

"Na Arlys. Basi."

Jolene aliyaandika maneno hayo. "Sawa," alisema. "Na Arlys. Halafu ile trei usiirudishe. Kaa nayo."

Saa tisa na dakika ishirini tovuti ilikuwa haijabadilika. Saa tisa na nusu, haijabadilika. Arlys alipokea fomu mbili za kubadili somo na moja ya maegesho. Alimweleza msichana mmoja kwamba tarehe ya mwisho ya kuacha somo ilikuwa Ijumaa, kwamba Ijumaa ilikuwa imepita, na kwamba kulikuwa na fomu ya kukata rufaa. Saa tisa na dakika arobaini na moja alifungua ukurasa tena, na jina lilikuwapo, mwisho kabisa, kabla ya nukta.

Alizunguka kaunta. Delphine akaja kukaa.

Alisoma kwa kidole, kama asubuhi, akafika chini, akasimama.

"Na Arlys," alisoma kwa sauti. "Ubini hakuna. Uhusiano hakuna."

"Kipengele kinataka jina."

"Kinataka jina, ni kweli." Delphine alisoma mstari huo mara ya pili, midomo ikicheza. "Mkuu anaweza kuuliza ni Arlys yupi. Na anaweza kuuliza kwa nini tanzia ya Jumatano ina maneno ya Jumatatu."

"Anaweza."

"Ungeongeza neno moja tu, Arlys. Mkwe. Ingekuwa rahisi kwangu."

"Najua."

Delphine aligonga muhuri: imepokelewa, saa tisa na dakika arobaini na nne. Aliiweka fomu kwenye kikasha cha mkuu, juu ya nyingine. "Ameingia mkutanoni. Atakuja kusaini kabla ya kwenda nyumbani, au hatakuja. Nitakutumia ujumbe leo hii hii, ama hivi ama vile."

"Ahsante."

"Usinishukuru bado."

Ofisi ilifungwa saa kumi. Arlys alifuta kaunta, akapanga kalamu, akaenda kwenye chumba cha chai kuchukua trei. Kwenye kona yake kilibaki kijipande chembamba kama ukucha, na kisu kando yake. Alikitazama. Kisha akakichukua kwa vidole viwili, akakila akiwa amesimama. Kilikuwa kikavu. Alikitafuna mpaka kikaisha.

Aliosha trei kwa maji ya moto. Alipoigeuza ili aikaushe, aliona kipande cha selotepu ya karatasi chini yake, kile ambacho kila mwanamke wa kanisa hubandika ili chombo chake kirudi kwake baada ya shughuli. B. TOLLEFSRUD, kwa wino uliofifia, kwa mwandiko wa jiko la shule. Maji yalikuwa yameinua ncha yake moja.

Simu ilitikisika mara moja, mtikiso wa ujumbe, mfukoni mwa koti lake, kwenye kiti.

Mikono yake ilikuwa imelowa. Aliweka kidole gumba juu ya ile ncha, akabana kama wanavyobana pamba juu ya mshipa baada ya sindano kutoka: sawasawa, bila kusugua, bila kuinua kuchungulia. Akageuzia macho kwenye saa ya ukutani, akaanza kuhesabu dakika nzima.