Kidole cha Bwana Gittens

Wewe umewahi kunyooshewa kidole kila asubuhi, tena na mwanamume usiyemjua, ukaenda kazini umefurahi? Jadwiga Wrona alinyooshewa miaka na miaka, chini ya ardhi, katika kituo cha treni cha Greenpoint, upande wa Brooklyn wanakokaa Wapolandi, na kila mara alifurahi.

Ilikuwa hivi. Treni ya pale ni fupi kuliko kituo chenyewe. Inasimama katikati, na waliosubiri mwishoni inabidi waikimbilie na mifuko yao, huyu kaacha kiatu, yule kamwaga kahawa. Jadwiga hakupenda kukimbia. Alikuwa mjane, mtu mzima, na magoti yake hayakuwa na subira. Kwa hiyo alisimama katikati kabisa, chini ya ubao mmoja wa mistari myeusi na myeupe unaoning'inia darini. Treni ikisimama, dirisha la kondakta lilikuwa mbele ya uso wake. Kondakta, Denzil Gittens, mtu wa Barbados mwenye masharubu yaliyopunguzwa vizuri, alitoa mkono nje, akanyoosha kidole, milango ikafunguka.

Mwaka wa kwanza Jadwiga aligeuka kutazama aliye nyuma yake. Mwaka wa pili alitikisa kichwa kidogo. Mwaka wa tatu alinunua kitambaa cha kichwa cha bluu chenye maua meupe, akawa anakipiga pasi jioni. Alikuwa na jambo la kumwambia yule kondakta, jambo dogo tu, lakini treni haikai kituoni kuzidi muda wa kupiga chafya. Aliingia, akavushwa kituo kimoja chini ya mto mdogo wa Newtown, akashuka ng'ambo, upande wa Queens, alikokuwa anashona mapazia, na lile jambo akabaki nalo.

Kisha ikaja dhoruba. Bahari iliingia mtoni, mto ukaingia kwenye handaki la treni, maji yakajaa. Yalipovutwa yote, chumvi ilibaki ndani ya nyaya, ndani ya pampu, ndani ya taa za ishara, ikatafuna polepole kama mtu mwenye meno mabovu. Kwa zaidi ya mwaka treni zilipita zikikwamakwama. Mwishowe, kiangazi, wakubwa wa reli wakafunga handaki ili wabadilishe kila kilicholiwa, na abiria wakapewa mabasi ya kuwavusha darajani.

Denzil naye alitolewa kwenye treni, akavalishwa kizibao cha rangi ya machungwa, akasimamishwa barabarani awaelekeze watu. Asubuhi ya kwanza basi lilipokuja alilinyooshea kidole kwa mazoea, na milango ikafunguka.

"Mimi sijagusa kitu," alisema dereva, Rosalba Ocampo.

"Ni kidole," alisema Denzil. "Samahani."

"Samahani ya nini? Kubonyeza hiki kitufe kunaniumiza bega. Wewe nyoosha tu, mzee."

Treni ilikuwa imelala, lakini kazi ya kufungua ilibaki mkononi mwake. Alipomwonyesha mgeni duka la mikate, ulifunguka mlango wa duka, na wa tanuri, na wa kabati la keki. Alipoonyesha kanisa, madirisha yote yalifunguka, kwaya ikasikika mpaka mtoni. Kabla ya wiki kwisha watu walikuwa wamezoea. Walimletea mitungi ya matango ya siki yenye vifuniko vikaidi. Mzee mmoja alileta sanduku lililokataa kufunguka tangu aliposhuka melini. Ndani mlikuwa na viatu vya dansi. Akavivaa palepale, akasubiri basi huku akichezesha miguu.

Mama mmoja mwenye kigari cha mtoto aliuliza kama kituo kina mlango mwingine ulio karibu na kwake. Denzil alimwonyesha lango la chuma kwenye kona ya mbali, lililofungwa kwa mnyororo miaka mingi kwa sababu, walivyoambiwa, kule chini kumeharibika. Mnyororo ukaanguka. Watu wa upande ule, waliozoea kuzunguka mitaa mitatu, walisogea wakachungulia. Ngazi zilikuwa nzima, zimefagiliwa, na taa zote zinawaka. Kesho yake waliletewa mnyororo mnene zaidi. Denzil akaonyesha tena, ukaanguka. Safari ya tatu walikuja mafundi, wakalichomelea lango lote, na kidole hakiwezi kufungua kitu ambacho si mlango tena.

Halafu ikatokea ile ya Krysia. Krysia Malec alishona mapazia meza moja na Jadwiga, na siku hiyo alikatiza mbele ya basi wakati kidole kinapita. Akafunguka. Alisimama kando ya barabara akaeleza kwamba nywele zake amezipaka rangi tangu ujana, na kwamba ile keki ya mbegu anayowapelekea watu kila Krismasi huinunua dukani, akaitoa kwenye boksi na kuibonyeza pembeni kwa kidole gumba ionekane ya nyumbani.

Watu walicheka, Krysia mwenyewe alicheka mpaka akakaa chini. Denzil hakucheka. Kuanzia siku hiyo, kila alipomwona Jadwiga anakuja, alitia mkono mfukoni.

Jadwiga aliliona hilo. Wengine wote walinyooshewa, hata mbwa wa muuza maua. Yeye, mkono mfukoni. Alipomweleza Krysia, aliyezoea kumwita Jadzia, Krysia akamhurumia, akamwambia alichosikia kwa mtu wa reli.

"Shoga, ni sheria ya kazi yao. Treni ikisimama, lazima waonyeshe ule ubao wa mistari ndipo wafungue milango. Ubao, Jadzia! Miaka yote hiyo alikuwa anauonyesha ubao."

"Najua," alisema Jadwiga, ambaye hakuwa anajua.

Kesho yake alikuja amejifunga kitambaa cha zamani, cha kahawia.

"Kile cha bluu kiko wapi?" aliuliza Denzil, mkono mfukoni.

"Kimefuliwa."

"Aa."

Wakasimama hivyo. Milango ya basi nayo ikabaki imefungwa, mpaka Ocampo alipobonyeza kitufe huku akikunja uso. "Mzee, mapenzi yako yanalitesa bega langu!"

Njia nzima Jadwiga aliwaza. Mtu anayetazama ubao tu, kitambaa cha bluu kakionea wapi? Siku hiyo alishona pazia zima juu chini, akalifumua, akalishona tena vilevile. Lakini wiki zikapita, na kila asubuhi alisema "habari ya leo" na kupanda basi, kwa sababu mtu anayekuficha mkono wake utaanzaje kumwambia jambo?

Ijumaa ya mwisho Denzil alipanda basi nao, aende Queens kung'oa vibao vya matangazo. Handaki lilikuwa tayari, treni zingerudi Jumatatu. Basi lilipokaribia daraja, abiria mmoja aliuliza hilo handaki linapita wapi hasa.

"Pale, chini ya maji," alisema Denzil, akanyoosha kidole.

Daraja la pale ni la kufunguka katikati, kupisha vyombo. Likafunguka. Pande mbili zilipanda juu taratibu, na basi likasimama. Mlinzi wa daraja alitoka kibandani, akatazama mtoni, hakuona chombo. Kanuni ilisema daraja lisishushwe mpaka chombo kipite, basi akavuta kiti akakaa.

Abiria walifungua mifuko. Zilitoka soseji, matango ya siki, mikate ya jibini, na Denzil akagawa mkate wa nazi aliouoka mwenyewe. Mzee wa viatu vya dansi alimwinua Ocampo kwenye kiti chake, wakazunguka katikati ya basi, bila kujali bega lake. Ni hapo Krysia, mdomo umejaa, alipouliza kwa sauti:

"Bwana Gittens, sisi sote umetunyooshea. Mimi umenitoa mpaka siri ya keki. Huyu mwenzangu kakukosea nini?"

Denzil aliutazama mfuko wake.

"Hajanikosea. Mimi sitaki kumfungua mtu kama yeye kwa nguvu. Akiwa na la kusema, nataka aseme kwa kupenda kwake."

"Na kama hasemi?"

"Basi nitaendelea kungoja. Nimeshazoea."

Jadwiga aligeukia dirisha, masikio yamekuwa mekundu. Nje, bata mmoja alipita katikati ya daraja bila haraka. Mlinzi alimwangalia mpaka akamaliza, akasimama, akalishusha daraja.

Jumatatu treni zikarudi. Nyaya zilikuwa mpya, pampu mpya, taa za ishara zinang'aa, na treni ni ileile fupi. Watu wakaikimbilia na mifuko yao. Wale wa kona ya mbali walifika wa mwisho, wanahema, maana lango lao lilikuwa chuma kitupu.

Jadwiga alisimama katikati, na kitambaa cha bluu. Treni ikasimama. Denzil alitoa mkono, akauinua juu sana, kwa uangalifu kama wa mtu anayepitisha bakuli la supu juu ya kichwa cha mtoto, akauonyesha ubao na ubao peke yake. Milango ikafunguka. Jadwiga hakuingia. Alisogea akashika ukingo wa dirisha.

"Jadzia, ingia!" alipiga kelele Krysia kutoka ndani.

"Mama, tunachelewa!" alisema mwingine.

"Subirini kidogo," alisema Jadwiga, na treni nzima ikasubiri. Kisha akamtazama kondakta. "Bwana Gittens, tangu nifiwe na mume wangu, chakula cha Jumapili nakula peke yangu. Sitaki tena. Njoo ule kwangu."